Mkweche wa Baba Mdogo

Katika miaka ya 1980, kijijini kwetu kaskazini ya mji wa Singida, upande wa Ilongero, baiskeli zilijulikana mojamoja kama ng'ombe wanavyojulikana. Mtoto aliyelala ndani ya tembe akisikia kengele njiani alimtaja mwenyewe bila kuchungulia: hiyo ya mwalimu mkuu, hiyo ya mganga wa zahanati, hiyo ya katekista. Nyingi zilikuwa Swala, baiskeli za hapahapa nchini zilizotoka kiwanda cha NABICO, Dar es Salaam. Lakini hakuna aliyeingia dukani akachagua anayoitaka. Nchi ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera mwaka 1979 ikiwa imeishiwa fedha za kigeni, na tangu sabuni hadi betri ya redio, vitu vilikwenda kwa mgawo. Baiskeli ilitaka kibali, na kibali kilitaka cheo au subira.

Mwaka 1984 serikali ikaruhusu wenye fedha zao za nje waagize bidhaa, bila kuwahoji sana walizipata wapi. Novemba 1985 Mwalimu Nyerere akamwachia Ali Hassan Mwinyi urais, na maduka ya mjini Singida yakaanza kujaa tena. Tulikuwa tukienda kutazama Phoenix za China na Hero za India zikiwa bado zimeviringishwa makaratasi kwenye bomba la fremu. Tulizitazama, tukazigusa kengele pale mwenye duka alipogeuka, kisha tukarudi nyumbani kwa miguu.

Baba mdogo hakuwa na Swala wala Phoenix. Alikuwa na mkweche. Aliupata kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli, kwa mbuzi wawili na nyongeza kidogo ya fedha, na hata kwa bei hiyo wapo waliosema mzee wa reli ndiye aliyefaidi. Madigadi hayakuwapo. Breki ya mbele haikuwapo, na ya nyuma ilikuwa kisigino chake mwenyewe ndani ya katambuga, akikikandamiza kwenye tairi kila alipotelemka mlima. Kiti kilikuwa springi tupu zilizofunikwa gunia lililoshonwa mara nyingi. Kengele hakuihitaji, kwa kuwa mnyororo ulimtangaza tangu mbali na mbwa wa mji wa jirani walikuwa wa kwanza kuitika.

Kwa mkweche huo alifanya kazi ya uchuuzi wa kuku. Kuku wa kienyeji wa Singida walikuwa na jina lao hata wakati ule; walipakiwa juu ya mabasi ya kwenda Arusha kupitia Katesh na Babati, wengine wakaenda Dodoma na Dar es Salaam. Lakini kuku hawaendi wenyewe stendi. Kati ya mama mwenye jogoo mmoja wa kuuza kule Mtinko na basi linalounguruma mjini, alikuwapo mtu wa baiskeli. Baba mdogo aliondoka alfajiri, upepo wa kiangazi ukimpiga kifuani, matenga mawili yakining'inia pande mbili za keria. Siku nyingine alifika hadi Mgori, ambako asubuhi isiyo na vumbi Mlima Hanang huonekana umesimama peke yake kwa mbali. Alinunua mmoja hapa, wawili pale. Wanawake hawakuuza kuku kwa kupenda. Waliuza kwa sababu chumvi imekwisha, au mafuta ya taa, au mtoto anadaiwa daftari na sare. Mara nyingi aliwachukua kuku kwa ahadi, akaenda kuwauza, na safari iliyofuata akamlipa kila mtu chake. Daftari hakuwa nalo. Madeni yote aliyaweka kichwani, na sikuwahi kusikia mama yeyote akilalamika kwamba hesabu imempita.

Kiangazi ndicho kilichokuwa na haraka zaidi. Miezi hiyo ya upepo ndiyo mdondo ulipopenda kuingia, ugonjwa ambao uliweza kufagia kuku wa kijiji kizima kabla mwezi haujaandama mara ya pili. Kuku ambaye hakuuzwa wiki hii, wiki ijayo huenda akawa anafukiwa nyuma ya zizi. Kwa hiyo mtu wa baiskeli alipochelewa, hakuchelewa peke yake.

Kiangazi cha mwaka 1986, siku ya mnada, mkweche uliibwa.

Mnada wetu ulikuwa wa ng'ombe na mbuzi, lakini pembeni palikuwa na kila kitu: vitunguu, mafuta ya alizeti kwenye chupa za bia, mitumba iliyotandazwa chini, nyama ya mbuzi kwenye vijiti, na vibanda vya pombe ya uwele. Baba mdogo aliuza kuku wote mapema. Akauegemeza mkweche kwenye mgunga nyuma ya kibanda kimoja cha pombe, akaingia kupata kibuyu chake na wenzake. Kufuli hakuwa nalo, maana kufuli la baiskeli lilikuwa ghali na yeye aliamini hakuna mwizi mwenye akili timamu atakayeutamani ule. Alipotoka, mgunga ulikuwapo na kivuli chake. Baiskeli haikuwapo.

Ng'ombe angeibwa, kila mtu alijua la kufanya. Wizi wa mifugo ulikuwa na utaratibu wake, wa zamani kuliko wazee wetu. Yowe hupigwa, wanaume huacha jembe pale lilipo, wanachukua fimbo na upinde, wenye macho wanatangulia kusoma nyayo, na wanawake wanabaki kuwasha moto kwa ajili ya watakaorudi usiku. Hata maneno ya kumwambia mwenye ng'ombe yalijulikana. Hakuna aliyeyatunga papo hapo. Baiskeli ilikuwa kitu kigeni, haikuwa na desturi. Mtu mmoja alianza kupiga yowe, akasita katikati. Wengine walicheka. Wengine walisimama wakimtazama baba mdogo, na yeye akasimama akiutazama mgunga.

Sisi watoto ndio tulioamua kwamba baiskeli nayo ina nyayo. Tairi lake la nyuma lilikuwa limepasuka na fundi alikuwa ameshona kiraka cha raba ya lori, kwa hiyo kila lilipozunguka liliacha alama ya mraba mchangani. Tuliifuata alama hiyo kutoka mnadani, ikapita kando ya shamba la alizeti lililokwisha vunwa, ikashuka korongo kavu, mahali ambapo mwizi alishuka akaukokota mkweche na nyayo zake zikaonekana waziwazi, kisha ikapanda hadi barabara kuu ya kwenda mjini. Wakati huo barabara ilikuwa ya vumbi. Lori lilikuwa limetangulia, na upepo ulimalizia kilichobaki. Tulirudi jioni na habari hiyo. Baba mdogo alitusikiliza mpaka mwisho, akatuuliza kama alama ilikuwa bado inaonekana vizuri pale korongoni. Tukasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akasema fundi alikishona vizuri kile kiraka.

Usiku ule watu walianza kuja nyumbani kwa bibi. Nilikuwa nimekaa karibu na mafiga, mahali ambapo mtoto husahauliwa na wakubwa, na mengi ninayoyajua kuhusu kumpa mtu pole niliyasikia pale.

Wa kwanza alikuwa jirani yetu mwenye ng'ombe wengi. Mtu mwema. Alikaa, akasalimia, akasema, "Mshukuru Mungu, ndugu yangu, maana ulikuwa mkweche tu. Je, ingekuwa Phoenix?" Alikusudia kumfariji. Baba mdogo akacheka kwa adabu na kusema kweli, ingekuwa Phoenix ingekuwa balaa. Lakini niliona alivyojikunyata baada ya hapo. Baba mdogo hakuwa na Phoenix ya kuibiwa. Alichokuwa nacho ndicho kilichoibwa, na sasa alitakiwa kushukuru kwamba alikuwa na kidogo.

Wa pili aliuliza, "Lakini wewe wakati huo ulikuwa wapi?"

Hapo nyumba ikanyamaza. Kila mtu alijua alikuwa wapi. Mke wake alijua, bibi alijua, na hata sisi tulijua kwa kunusa. Swali halikuwa linatafuta habari. Lilikuwa linamtaka aliyeibiwa ajishtaki mwenyewe mbele ya watu. Baba mdogo akafungua mdomo, akaufunga. Bibi akaita kutoka upande wake, "Wewe mtoto, lete maji, wageni wana kiu." Hakuna aliyekuwa ameomba maji. Nilipoyaleta, kata ikapita mkono kwa mkono, na ilipomaliza kuzunguka lile swali lilikuwa limekwisha poa na hakuna aliyelirudia.

Kisha bibi akauliza swali lake. "Mwanangu, kesho ulikuwa uende wapi?"

"Mtinko," akasema baba mdogo.

"Kwa nani?"

Akaanza kuwataja. Mama fulani ana majogoo wawili, amekwisha kuwafungia. Mama mwingine anamdai kuku watatu wa safari iliyopita, na fedha zake anazo hapa mfukoni. Mwingine kuku wake wameanza kusinzia, anaogopa mdondo, alimwomba asikose. Alipokuwa akiwataja sauti yake ilibadilika, ikawa sauti ya mtu aliye kazini. Na watu waliokuja kukaa kimya wakaanza kuongea. Mmoja akasema wanawe wawili wanaweza kwenda Mtinko kwa miguu na mzega, tenga likae katikati. Mwingine akasema mkewe ana safari ya upande ule, atapeleka fedha za yule anayedai. Jirani mwenye ng'ombe, yuleyule wa "mshukuru Mungu", ndiye aliyesema ana matenga mawili mapya hajayatumia.

Yule aliyeuliza alikuwa wapi akataka kurudi kwenye habari za mnadani. Bibi akamwambia kwa upole, "Ya leo tuwaachie polisi, baba. Sisi tushike ya kesho."

Nimekaa kwenye misiba mingi tangu siku hiyo, mikubwa na midogo, na sijapata kusikia pole iliyokuwa na kazi zaidi ya ile. Bibi hakuuliza bei. Hakusema mkweche ulikuwa mzuri wala mbaya. Aliuliza ulikuwa unampeleka wapi mwanawe, na katika kujibu, kila mtu akaona kilichoibwa ni kitu gani: njia ya Mtinko, ada ya shule ya watoto wasiokuwa wetu, chumvi ya nyumba ambazo hatukuwahi kuingia.

Mwalimu mkuu hakuja usiku ule. Alikuja kesho yake jioni akiikokota Swala yake, ile aliyoifuta kwa kitambaa kila Jumapili hadi ikang'aa. Hakusema amekuja kuazima mtu baiskeli. Aliiegemeza ukutani, akapokea kiti, akaongea habari za mvua na za shule, na alipokaribia kuondoka akasema, "Bwana, hii Swala yangu Jumamosi na Jumapili inakaa tu. Mnyororo unashika kutu. Ungenisaidia kuizungusha kidogo."

Hapakuwa na mtu mle ndani asiyejua kwamba mnyororo ule haukuwa na kutu hata chembe. Baba mdogo naye alijua. Lakini akajibu kwa uzito uleule, akasema kweli, chuma kikikaa huharibika, atamsaidia. Hivyo ndivyo alivyoipata baiskeli bila kuwa mwombaji, na mwalimu akaitoa bila kuwa mfadhili. Kila Jumapili jioni aliirudisha ikiwa imeoshwa, na mara kwa mara akiacha kuku mmoja akisema amemwokota njiani.

Kisha akaja shemeji yake, mdogo wa mke. Mashemeji kwetu ni watani, na mtani ana ruhusa ambayo wengine hawana. Alifika mchana, watu wakiwa wengi barazani, akasimama katikati akipunga ncha ya kamba. "Shemeji," akasema kwa sauti kubwa, "nimekuletea kamba ya kufungia baiskeli yako." Wanawake wakashika midomo. Maneno hayo angeyasema mtu mwingine, ungekuwa ugomvi. Lakini baba mdogo akacheka, akacheka hadi akashika mbavu, kicheko cha kwanza cha kweli tangu mnadani. Aliangua kicheko tena alipoiona ile kamba yote, maana upande wa pili ilikuwa imefungwa shingoni mwa mbuzi. Mkweche ulinunuliwa kwa mbuzi wawili. Mmoja wao alikuwa amekwisha kurudi.

Siku hiyo nilijifunza sheria moja ya utani ambayo shuleni hawaifundishi: anayecheka msiba wa mwenzake huja na kitu mkononi. Anayecheka mikono mitupu si mtani, ni mtu mwenye mdomo tu.

Fundi baiskeli alikuwa na njia yake. Alikaa chini ya mti karibu na njia panda, mbele yake beseni la maji ya kutafutia pancha, msasa, kopo la solusheni na vipande vya mpira. Baba mdogo alikuwa akimwepuka, nadhani kwa haya, kwa sababu bado alikuwa anadaiwa fedha ya kile kiraka. Siku moja tulipita pale kwa miguu na fundi akamwita. Hakuitaja fedha. Alimpa kigoda na kuanza kuusimulia mkweche ule kipande kwa kipande. Alisema fremu ilikuwa Raleigh halisi, chuma cha Uingereza, na ingawa rangi ilikuwa imekwisha, haikuwa na mkunjo hata mmoja. Usukani ulitoka kwenye Phoenix iliyogongwa na lori. Gurudumu la nyuma lilikuwa la Hero, na spoku zake alizikaza yeye mwenyewe usiku kwa taa ya kibatari kwa sababu baba mdogo alikuwa na safari alfajiri. "Ile haikuwa baiskeli mbovu," akasema fundi. "Ilikuwa baiskeli iliyofanya kazi sana." Baba mdogo alimtazama fundi kwa macho ya mtu aliyesikia marehemu wake akisifiwa kwa yale aliyoyafanya kweli. Kabla hatujaondoka aliingiza mkono mfukoni akalipa deni la kiraka, na fundi akapokea bila kubisha, jambo ambalo nalo lilikuwa la heshima. Kumsamehe mtu deni siku hiyo kungekuwa kumwambia kwamba amekuwa maskini.

Polisi walimpokea vizuri. Alikwenda mjini kuandikisha, na askari wa zamu akamuuliza risiti. Hakuwa nayo. Akamuuliza namba ya fremu. Hakuijua, ilikuwa imelika. Askari angeweza kufunga kitabu hapo. Badala yake alimwambia aeleze alama nyingine yoyote, akaandika neno kwa neno habari za gunia la kiti na kiraka cha mraba. Mkweche haukupatikana, lakini baba mdogo alirudi akiwaeleza watu kwamba habari zake zimeandikwa kwenye kitabu cha serikali, na alionekana ameridhika.

Wapo waliomshauri njia nyingine. Jirani mmoja Mwislamu alisema isomwe albadiri, na ikitangazwa tu kabla ya Ijumaa mwizi atairudisha baiskeli kwa woga. Mwingine akataja mganga wa ramli anayemwonesha mtu sura ya mwizi ndani ya maji. Baba mdogo alishukuru wote wawili na hakwenda popote. Nilimsikia akimwambia mke wake kwamba anaogopa sura atakayooneshwa itakuwa ya mtu anayemfahamu.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu. Minong'ono ilikuwa imeanza juu ya kijana mmoja wa kijijini ambaye siku ya mnada aliondoka na hakuonekana tena. Jina lake lilitajwa kwenye kisima, likatajwa kwenye pombe. Miaka ile habari za sungusungu, walioanzia Unyamwezi na Usukuma mapema katika muongo huo, zilikuwa zimekwisha kutufikia, na vijana wetu walitamani sana kupuliza filimbi na kumkamata mtu. Neno "mwizi" likishatamkwa na watu wengi pamoja, huwa halirudi tupu. Balozi wa nyumba kumi akaitisha wanaume, akazungumza maneno machache. Alisema, "Tumepoteza baiskeli. Tusipoteze na mtoto wa mtu." Akakataza jina lile lisitajwe mpaka apatikane mwenye ushahidi.

Mama wa kijana yule alikuja kutoa pole. Alikuja peke yake, na ungo wa unga wa uwele kichwani. Nafikiri ile ndiyo ilikuwa safari ndefu kuliko zote zilizofanywa kwa ajili ya mkweche ule, ingawa nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya korongo tu. Wanawake waliokuwa wamekaa kwenye mkeka wakaacha kuongea. Bibi akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja pale penye nafasi pembeni yake, na mama yule akakaa hapo. Wakasonga ugali wa unga uleule alioleta, wakaula kwa mlenda, yeye akiwa katikati yao. Hakuna aliyemuuliza mwanawe yuko wapi, na yeye hakujieleza. Kijana alirudi kabla mvua hazijaanza. Alikuwa amekwenda Manyoni kwa mjomba wake kutafuta kibarua reli, akatoroka bila kuaga kwa kuwa baba yake alimkataza. Wale waliolitaja jina lake kisimani walimsalimia kwa unyenyekevu mkubwa kwa muda mrefu.

Baba mdogo alinunua baiskeli nyingine msimu uliofuata, Hero iliyotumika, yenye breki zote mbili. Fedha zilitoka kwenye alizeti, kwa yule mbuzi, na kwa wanawake wa Mtinko na Mgori ambao waliendelea kumpa kuku kwa ahadi miezi yote aliyokuwa akienda kwa baiskeli ya mwalimu au kwa mzega. Wangeweza kumtafuta mchuuzi mwingine. Mdondo ulipita mwaka ule, lakini kuku wengi walikuwa wamekwisha kuuzwa.

Sasa njia ya Ilongero inapitwa na pikipiki. Kuku wanafika mjini kwa bodaboda, na barabara kubwa za kutoka Singida kwenda Dodoma na Arusha zina lami. Lakini mkweche haujafa. Mjini Singida utawaona vijana wakisukuma baiskeli zilizobeba madumu ya maji kupanda mitaa ya mawe, na ukitazama fremu zile utakuta ni mkusanyiko wa baiskeli nyingi, sawa na ule wa baba mdogo. Zinaibwa pia. Dereva akiibiwa pikipiki, wenzake wa kijiweni huwasha injini zote na kutawanyika barabara zote kuitafuta. Ya muuza maji ikiibwa husikii injini. Unasikia, "Kwani ilikuwa ya shilingi ngapi?" na "Kwa nini hukuifunga?" Hata aliyeibiwa simu ndogo ya kitochi huambiwa hiyo nayo ni simu, kana kwamba namba zote za ndugu zake na za wateja wake ziliandikwa kwenye kitu cha bure.

Swali la bei ni la mnunuzi. Swali la kufuli ni la mpelelezi. Anayekuja kutoa pole hajaja kununua wala kupeleleza. Na kumshukuru Mungu kwa niaba ya mwenzako kwamba alichopoteza kilikuwa kidogo ni kumkumbusha udogo wa alichonacho. Mwache ashukuru mwenyewe, siku yake ikifika.

Kwa hiyo ukikutana na aliyeibiwa mkweche wake, kaa naye, mpe maji, kisha muulize kesho alikuwa aende wapi. Akikujibu, utajua lililo ndani ya uwezo wako: kubeba tenga, kupeleka ujumbe, kumpa kazi ya siku mbili. Na ukiwa na baiskeli yako imesimama ukutani, ipeleke kwake, umwambie mnyororo unashika kutu. Atajua kwamba si kweli, na atakushukuru zaidi kwa sababu hiyo.